Kidole Kucheza Si Ushahidi Kwamba Mkono ni Mzima

Wazee wetu walisema vidole vya mkono havilingani. Wao walikuwa wakizungumzia tabia za watu, lakini anayeutazama mkono kwa ndani huona kwamba kauli hiyo ina ukweli mwingine. Mishipa iliyomo ndani ya mkono wangu si lazima iwe imepita njia ile ile iliyopita ndani ya mkono wako. Hata mkono wako wa kulia na wa kushoto huenda isifanane.

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapa hapa Pwani. Wanaonijia kwa shida za mikono ni wengi: wavuvi, mafundi seremala, mafundi cherehani, akina mama wanaokanda unga tangu alfajiri, vijana wa madafu, wasusi wa ukili. Wengi wao huja wamechelewa. Na nikiwauliza kwa nini walikaa miezi yote hiyo, jibu ninalolisikia mara kwa mara ni hili: "Niliambiwa mbona vidole vyacheza, sina neno."

Leo nataka tuelezane kwa nini neno hilo halitoshi.

Jipime kwanza

Laza mkono wako mezani, kiganja kikitazama juu. Kutanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kisha kikunje kidogo kifundo cha mkono kuja upande wako. Wengi wenu mtaona uzi mmoja umesimama chini ya ngozi, katikati ya kifundo. Hiyo ni kano ya msuli mdogo uitwao palmarisi longasi.

Wengine hamtauona, na msishtuke. Vitabu vya udaktari hutaja kwamba takriban watu 15 katika kila 100 hawana msuli huo, ingawa idadi hubadilika sana kutoka jamii moja hadi nyingine, na kwetu Waafrika wasio nao ni wachache zaidi. Wako pia wenye nao mkono mmoja na mwingine hawana. Asiye nao hapungukiwi na chochote. Wapasuaji wenyewe huitoa kano hiyo kwa makusudi wakaitumia kutengeneza kano nyingine iliyoharibika.

Basi kama msuli mzima waweza kukosekana na mwenyewe asijue maisha yake yote, usishangae kusikia kwamba mishipa ya fahamu nayo hutofautiana. Mkono huanza kuota kama kitumba kidogo mtoto akiwa na wiki nne hivi tumboni, na kufikia wiki ya nane vidole vimeshaachana. Ndani ya wiki hizo mishipa ya fahamu huwa inatafuta njia kuelekea kwenye misuli na ngozi. Njia kuu huwa zile zile kwa karibu watu wote. Vijia vidogo ndivyo vinavyotofautiana.

Neno "mshipa" lina mtego

Kiswahili chetu ni tajiri, lakini hapa kimetutegea. Neno "mshipa" twalitumia kwa vitu vitatu. Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa wa fahamu, unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha habari za joto, baridi, maumivu na mguso. Halafu kuna kano, ile kamba nyeupe ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa, ambayo nayo watu huiita mshipa.

Mgonjwa akisema "mshipa umekatika" hajaeleza kitu bado. Mshipa wa damu ukikatika, damu itakutangazia yenyewe. Kano ikikatika, kidole hakikunjiki au hakinyooki, na kila mtu ataona. Lakini mshipa wa fahamu ukikatika, huenda kwa macho usione chochote. Damu imeshazuiwa, kidonda kimeshonwa vizuri, vidole vyakunjika. Kilichopotea ni hisia, na hisia haionekani. Ni mwenye mkono peke yake ajuaye, tena hujua akiulizwa.

Mishipa mitatu ya mkono

Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni, hupita kwapani, ikateremka hadi vidoleni. Mikubwa ni mitatu.

Wa kwanza ni mediani. Huu hupita katikati ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Ndio unaohisi kwa kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Pia ndio unaotawala sehemu kubwa ya ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba.

Wa pili ni ulna. Huu hupita nyuma ya kisukusuku, na ndio unaokupiga shoti ukigonga kisukusuku kwenye pembe ya meza. Huhisi kwa kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete, na hutawala misuli mingi midogo ndani ya kiganja, ile inayotanua vidole na kuvibana.

Wa tatu ni radiali. Huu huhisi kwa sehemu ya mgongo wa mkono, upande wa kidole gumba. Ndani ya kiganja chenyewe hauna msuli hata mmoja, lakini ndio unaoinua kifundo na kunyoosha vidole kwa kutumia misuli iliyo juu, kwenye kigasha.

Hiyo ndiyo ramani ya vitabuni. Ni ramani nzuri, na kila mwanafunzi wa udaktari huihifadhi. Ila imechorwa kwa kufuata walio wengi, na mgonjwa aliye mbele yako huenda si mmoja wao.

Kwa nini kidole hucheza hata mshipa ukikatika

Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, baina ya kisukusuku na kifundo. Sasa kunja na kukunjua vidole vya kushoto. Umeihisi misuli ikitembea? Nguvu nyingi ya kukunja vidole haiko vidoleni. Iko huko juu, na vidole huvutwa kwa kano ndefu. Ni kama baharia aliyekaa shetri akivuta demani, na tanga likageuka mbele yake.

Misuli hiyo hupata amri zake huko huko juu, kabla mshipa wa mediani haujafika kwenye kifundo. Kwa hivyo panga ikikata mediani kifundoni na kano zikasalimika, vidole vitaendelea kukunjika kama kawaida. Mtu atafunga ngumi, atafungua, na anayemtazama atasema yu mzima. Kumbe kidole gumba, cha shahada na cha kati havina habari ya dunia.

Ukisema basi tuangalie ile misuli midogo ya kidole gumba, nayo yaweza kukudanganya, na hapa ndipo tofauti za maumbile zinapoingia.

Madaraja baina ya mishipa

Mwaka 1763 mtaalamu wa anatomia wa Sweden aitwaye Roger Martin alieleza kwamba baadhi ya watu wana daraja kwenye kigasha: nyuzi za fahamu hutoka kwenye mediani zikahamia kwenye ulna. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1870, mwenzake aitwaye Gruber, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg huko Urusi, akalichunguza tena kwa upana. Mpaka leo daraja hilo huitwa kwa majina yao, Martin na Gruber. Hesabu za watafiti hazilingani, lakini kadiri inayokubalika na wengi ni karibu mtu mmoja katika kila watano.

Maana yake ni nini? Mtu mwenye daraja hilo akiumia ulna kwenye kisukusuku, misuli ya kiganja ambayo ilipaswa kulegea huendelea kufanya kazi, kwa sababu amri zake zimepitia mediani na kuvuka chini ya jeraha. Anayempima ataona nguvu ipo, aseme mshipa haukuguswa.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wafaransa wawili, Riche na Cannieu, kila mmoja kwa upande wake, wakaeleza daraja jingine. Hili liko ndani ya kiganja, baina ya tawi la ulna na lile tawi la mediani linalokwenda kwenye nyama ya kidole gumba. Mwenye daraja hili akikatwa mediani kifundoni, kidole gumba chaweza kuendelea kuinuka kwa nguvu ya kuazima kutoka kwa jirani.

Daraja la tatu ni la hisia, nalo lina kisa cha ajabu. Linaitwa kwa jina la Pietro Berrettini wa Cortona, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa mchoraji mashuhuri wa Italia, aliyechora dari la jumba la Barberini mjini Roma, akafariki mwaka 1669. Alipokuwa kijana alichora picha za miili iliyopasuliwa, na picha hizo zilipochapishwa mwaka 1741, zikakutwa zinaonyesha kijia cha fahamu kiganjani kinachounganisha ulna na mediani, karibu na vidole vya kati na vya pete. Jicho la mchoraji lilikuwa limekiona. Tafiti nyingi za siku hizi zimekikuta kijia hicho katika zaidi ya nusu ya mikono iliyochunguzwa. Yaani kitu tunachokiita "tofauti" ndicho kilicho nacho wengi.

Ndiyo maana mpaka wa hisia kwenye kidole cha pete si ukuta. Kwa mtu mmoja hukatika katikati ya kidole kama vitabu visemavyo. Kwa mwingine kidole kizima kiko upande mmoja, na kwa mwingine ganzi ya ulna hufika hadi kidole cha kati. Mgonjwa akieleza ganzi isiyofuata mchoro uliotundikwa ukutani, asiambiwe anajifanya.

Kijana wa madafu

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana muuza madafu. Panga ilikuwa imemteleza ikamkata kifundo cha mkono wa kushoto, ule unaoshika dafu. Alikimbizwa kituo kimoja cha afya, kidonda kikaoshwa, akadungwa dawa ya ganzi, akashonwa. Baada ya kushonwa akaambiwa afunge ngumi. Akafunga. Akaambiwa ashukuru, mkono ni mzima.

Alikuja kwangu baada ya miezi minane, na hakuletwa na kidonda. Aliletwa na malengelenge ya moto kwenye kidole cha shahada. Alikuwa ameshika sufuria na hakujua kwamba anaungua mpaka alipoona ngozi imetoka.

"Shangazi," akaniambia, "vidole vyacheza, lakini havijui kitu."

Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imelala, bapa. Nyumbani walikuwa wameshamwambia ni kijicho, maana biashara yake ilikuwa imeshika. Nilimpeleka kwa mpasuaji, na kazi iliyofanywa wakati huo ilikuwa ngumu kuliko ambavyo ingekuwa wiki ile ile aliyokatwa. Alirudishiwa hisia kiasi. Nguvu ya kidole gumba haikurudi yote.

Tazama pale palipokosekana jambo dogo. Dawa ya ganzi ilitangulia, na swali la hisia halikuulizwa kabisa. Ukishadunga ganzi, huwezi tena kujua ganzi ipi ni ya dawa na ipi ni ya panga.

Muda haukungoji

Mshipa wa fahamu uliokatika ukishonwa huota upya, lakini polepole: kwa makadirio ni milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha mtu mzima ni karibu sentimita 18. Hesabu mwenyewe: ni nusu mwaka au zaidi kabla ya ncha ya kidole kupata habari. Misuli nayo haingoji milele. Ikikaa bila amri kwa mwaka mmoja na nusu hivi, huwa imeharibika kiasi cha kutorudi hata mshipa ukiifikia.

Tena ncha mbili za mshipa uliokatika hurudi nyuma na kufanya kovu. Siku za mwanzo huweza kushonwa zikakutana. Baada ya miezi, mara nyingi mpasuaji hulazimika kuchukua kipande cha mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili, kama mguuni, aunganishe. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Ganzi ya usiku

Si kila ganzi ni ya panga. Akina mama wengi hulalamika kwamba mkono hufa ganzi usiku, wakaamka, wakaukung'uta ndipo ukarudi. Wengi huuita upepo, wakachuliwa kwa mafuta.

Mara nyingi tatizo liko kifundoni. Hapo pana njia nyembamba, mfano wa kichochoro cha Mji wa Kale: chini na kando ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Kwenye kichochoro hicho hupita kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu, mediani. Kitu chochote kikivimba humo, anayebanwa ni yule aliye laini. Ujauzito, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema, na kazi za kukunja kifundo kwa nguvu kila siku huongeza hatari. Wengi hupata nafuu kwa kulala na bango jepesi linalonyoosha kifundo, na kwa kutibiwa kile kinacholeta uvimbe. Wengine huhitaji upasuaji wa kukata ule utepe ili kichochoro kipanuke.

Na hapo tena tofauti za maumbile hudai heshima yake. Mwaka 1977 mpasuaji wa Ujerumani, Ulrich Lanz, aliyapanga katika makundi maumbile mbalimbali ya mediani aliyoyakuta kwenye kichochoro hicho. Kwa kawaida tawi la kidole gumba huchomoza baada ya utepe kwisha. Kwa watu wengine hutoboa na kupita ndani ya utepe wenyewe. Wengine mshipa wao umegawanyika pande mbili. Mpasuaji anayekata bila kutazama anaweza kulikata tawi hilo, na ndiyo sababu wenyewe kwa utani huuita mshipa wa dola milioni moja, kwa jinsi kesi yake inavyogharimu. Ukiambiwa upasuliwe kifundo, una haki ya kuuliza: "Daktari, tawi la kidole gumba utalilinda vipi?" Mpasuaji anayeijua kazi yake hatakasirika.

La kufanya

Mtu akikatwa kifundoni, kigashani au kiganjani, zuia damu kwa kubana kitambaa safi, inua mkono, nenda hospitali. Kabla ya kudungwa ganzi, omba upimwe hisia, au mpime mwenzako njiani akiwa amefumba macho. Gusa kwa upole sehemu tatu: ncha ya kidole cha shahada, hiyo ni mediani, ncha ya kidole cha mwisho, hiyo ni ulna, na mgongo wa mkono baina ya kidole gumba na cha shahada, hiyo ni radiali. Linganisha na mkono wa pili. Ukihisi tofauti, sema, na useme mpaka iandikwe kwenye karatasi yako. Sehemu hizo zimechaguliwa kwa sababu hapo mishipa haiingiliani sana, hata kwa watu wenye madaraja.

Kisha nguvu. Laza mkono kiganja juu, inua kidole gumba kielekee dari huku mtu akikisukuma chini. Tanua vidole huku akivibana. Inua kifundo. Lakini kumbuka tuliyoyasema: nguvu ikiwepo na hisia haipo, iamini hisia.

Kwa mtoto asiyejua kueleza, kidonda kikishapona, tia mikono yote miwili kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Vidole vyenye mshipa mzima hukunyaa kama vya mvuvi aliyeshinda majini. Kidole kilichopoteza mshipa hubaki laini. Daktari O'Riain alilieleza jambo hili mwaka 1973, na mpaka leo lina faida.

Ganzi nayo isipuuzwe. Ikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, huo huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo. Ikianzia miguuni kisha ikaja mikononi, pima sukari. Ikiwa na baka lisilo na hisia kwenye ngozi, pima ukoma, maana ukoma hupenda mshipa wa ulna, unatibika, na dawa zake ni bure. Ikiambatana na maumivu ya shingo, huenda chanzo kiko shingoni.

Kwa ndugu zangu tunaofanya kazi pamoja zahanati na vituo vya afya, najua foleni ni ndefu na mikono ni michache. Kugusa ncha za vidole na kuuliza "wahisi?" kunachukua chini ya dakika moja. Kufanywe kabla ya sindano ya ganzi, na jibu liandikwe. Na wewe msomaji, ukiwa ndiwe uliyelala kitandani na wameshasahau kukuuliza, waambie mwenyewe.